Kizibo cha Ardo

Kila asubuhi Ardo alianza siku kwa moshi. Alitia kijinga cha moto ndani ya chombo cha maziwa, akakitikisa, akakitoa, kisha akafunika upesi ili harufu ishike. Baadaye alikamua mbuzi, akajaza maziwa, akaziba. Katika kuziba, hapa Galbet, mtaa wa Garissa, hakuna aliyemfikia. Kizibo chake kilikuwa cha mti, kimevikwa ngozi ya mbuzi na kupakwa mafuta ya mkia wa kondoo. Maziwa yake yangeweza kusafiri juu ya ngamia kutwa nzima yasitoe hata tone. Ardo alilijua hilo. Majirani nao walilijua, kwa sababu aliwakumbusha.

Mumewe, Billow, alikuwa na pikapu kuukuu. Ilibeba mbuzi, sukari na watu, na ilikuwa imepigwa viraka kila upande. Mwaka uliopita mfuniko wa tangi la petroli ulianguka njiani ukapotea. Billow akaziba tundu kwa tambara. Vumbi likaingia, na petroli ikamwagika kwenye kila shimo la barabara. Ardo hakuweza kuvumilia uchafu ule. Alichonga kizibo, akakivika ngozi, akakipaka mafuta, akakishindilia kwa kiganja. Tangu siku hiyo hata harufu ya petroli haikutoka. Billow alimsifu mkewe mji mzima.

Haukupita muda, pikapu ikaanza kugoma. Asubuhi iliwaka vizuri. Lakini ikienda mwendo mrefu, kisha ikasimama na kuzimwa, haikuwaka tena. Billow alipiga stata, akazungusha hendeli mpaka kanzu ikalowa jasho. Mwishowe alichukua debe, akaongeza petroli kidogo kwenye tangi, na pikapu ikawaka.

"Ina kiu," alisema Billow. Alizoea ngamia, na mnyama akilala njiani humpi lawama, unampa maji. Basi akawa anasafiri na madebe ya petroli. Alibadilisha plagi zote nne. Alibadilisha na betri. Ugonjwa ukabaki ule ule.

Wakati wa amani huo ungekuwa usumbufu tu. Lakini huo ulikuwa mwaka wa 1966, na nchi ilikuwa vitani, serikali ikipigana na wapiganaji wa msituni. Hakuna gari lililotoka Garissa peke yake. Magari yalikwenda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma. Katikati ya njia msafara ulisimama, injini zikazimwa, askari wakakagua barabara. Filimbi ikilia, wote wanaondoka. Gari lisilowaka linaachwa. Na mtu aliyeachwa pale porini hujui nani atamfikia kwanza, wapiganaji au askari, na wote watamuuliza yeye ni wa upande gani.

Billow alikuwa ameachwa mara mbili, akiwa bado anahangaika na stata na debe. Mara ya pili askari walimkuta kando ya barabara, ameshika debe. Walitaka kujua petroli ile anampelekea nani. Aliwaambia gari lina kiu, wakadhani anawadhihaki. Walimweka siku nzima kabla ya kumwachia. Sajini wa msafara akamwambia mambo mawili. Kwanza, asibebe tena debe la petroli. Pili, gari likigoma mara ya tatu, jina lake linafutwa kwenye orodha ya msafara, na hatasafiri tena.

Jumatano habari zikaja kutoka Modogashe. Naimo, binti yao, alikuwa na mimba ya miezi minane, mimba yake ya kwanza. Miguu na uso vilikuwa vimevimba. Kichwa kilimuuma, na macho yalianza kuona ukungu. Dresa, mtibabu msaidizi wa zahanati, alisema hiyo si hali ya kusubiri, apelekwe hospitali ya Garissa haraka. Gari la kumchukua halikuwepo kule. Msafara uliofuata ungekwenda kule Jumamosi na kurudi Jumapili.

Ardo alimtazama mumewe. Billow alitazama chini.

"Itawaka?" Ardo aliuliza.

"Bila debe, sijui," Billow alijibu.

Ardo alijitupia shuka begani, akaenda mwenyewe kumtafuta fundi Olow. Olow alijifunza kazi kwenye karakana ya malori kule Isiolo. Alikuwa mtu wa maneno machache, na watu walimwona mvivu, kwa sababu alitazama gari muda mrefu kabla ya kushika spana.

Alhamisi asubuhi Olow alifika. Hakufungua chochote. Alikaa kwenye gogo, akamwomba Billow amweleze gari linagoma lini. Billow alianza kumweleza alichobadilisha. Olow akamkatiza kwa adabu, kama anayesema na ami yake.

"Adeer, hizo ni dawa. Mimi nauliza ugonjwa. Inagoma ikiwa baridi au ikiwa moto? Ikitoka kusimama, au ikitoka safari?"

Billow akaeleza vizuri sasa, na Ardo akaongeza alichosahau mumewe. Olow akauliza swali lingine. Siku ile ya askari, kabla ya kumimina debe, tangi lilikuwa na petroli kiasi gani? Billow alikumbuka. Lilikuwa nusu.

"Basi halikuwa na kiu," alisema Olow.

Kisha akaeleza, taratibu, kama anayemfundisha mtoto njia ya kisimani. Injini ya petroli inataka vitu vitatu ili iwake. Inataka nguvu ya kuizungusha, inataka cheche, na inataka petroli iliyochanganyika na hewa. Kimoja kikikosekana, haiwaki. Kazi ya fundi ni kupima kimoja kimoja, si kununua vyote.

Alibonyeza honi, ikalia kwa nguvu. Alipiga stata, injini ikazunguka vizuri. Betri ilikuwa nzima. Alitoa plagi moja, akaifunga tena kwenye waya wake, akailaza juu ya chuma cha injini, akamwambia Billow azungushe. Cheche ya buluu ikaruka. Akachomoa bomba la petroli pale linapoingia kwenye kabureta, akakinga kikopo. Petroli ikaja kwa kishindo. Kila kitu kilikuwa sawa, na Billow akakunja uso. Gari lilikuwa linamfanya mwongo.

"Bado halijaumwa," alisema Olow. "Tulipeleke mpaka liumwe."

Nje ya mji hawakuruhusiwa kwenda. Wakazunguka mjini, watatu mbele, kutoka Galbet mpaka sokoni, kutoka sokoni mpaka mtoni, na kurudi. Mzunguko wa kwanza watu waliwasalimia. Mzunguko wa kumi walianza kuwacheka. Ardo hakujali. Alikuwa akimfikiria Naimo na macho yake ya ukungu.

Jua lilipokuwa kichwani, injini ikaanza kukohoa. Billow akasimama kando ya njia, akazima. Walingoja kidogo. Alipopiga stata, injini ilizunguka, lakini haikuwaka.

Billow alishusha pumzi. Olow alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

Alipima tena. Honi ililia. Cheche ilikuwepo. Akachomoa bomba la petroli, akakinga kikopo. Safari hii matone matatu yakaanguka, kisha hakuna kitu. Olow aliwaonyesha kikopo kile kitupu. Tatizo sasa lilikuwa na mahali pake, kati ya tangi na kabureta.

"Eedo," alimwambia Ardo, kama anayemwita shangazi, "nenda kwenye tangi. Toa kizibo polepole. Sote tunyamaze."

Ardo akashika kizibo chake. Kilikuwa kimekaza kupita siku zote, kana kwamba mtu alikuwa ndani akikivuta. Alipokilegeza, tangi likavuta pumzi. Fssss. Wote watatu walisikia.

Olow akamwambia Billow azungushe tena. Petroli ikaruka ndani ya kikopo. Alirudisha bomba, Billow akapiga stata mara moja, na pikapu ikawaka. Hakuna aliyeongeza hata tone.

Ardo alibaki ameshika kizibo mkononi.

"Ni mimi," alisema.

Olow hakumcheka. Alimuuliza kama amewahi kutoboa kopo la mafuta kwa tundu moja tu. Ardo alijua hilo, kama ajuavyo kila mwanamke jikoni. Ukitoboa tundu moja, mafuta yanakataa kumwagika. Ukitoboa la pili, yanatoka, kwa sababu hewa inaingia kuchukua nafasi yake.

"Tangi nalo ni hivyo hivyo," alisema Olow. "Pampu inavuta petroli, na hewa lazima iingie. Mfuniko wa kiwandani una kitundu cha kupumulia. Chako hakina. Ni kizuri mno, eedo. Adeer alipomimina debe, dawa haikuwa petroli. Dawa ilikuwa kufungua."

Ardo alikaa chini palepale vumbini. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona hofu. Kwa mkono wake, kwa kazi aliyojivunia kuliko zote, alikuwa amemweka mumewe mikononi mwa askari. Na Jumamosi angemwacha Naimo Modogashe.

Billow akachuchumaa karibu naye. "Mimi ndiye niliyekisifu," alisema. "Na mimi ndiye niliyesema ina kiu. Hebu simama, tuna kazi."

Walirudi nyumbani. Ardo alitaka kupasha moto msumari ili akitoboe kizibo. Olow aliwaonya kwamba kizibo kile kimelowa petroli, na petroli na moto havikai pamoja. Basi Ardo akakaa mbali na pikapu na mbali na jiko, akatoboa kwa msumari baridi, akizungusha polepole, mpaka tundu likapita juu hadi chini. Juu yake akafunga kitambaa chepesi, hewa ipite na vumbi libaki nje. Olow akawaagiza wakizibue kitundu hicho kwa waya kila juma, na wanunue mfuniko halisi siku utakapopatikana.

Alasiri hiyo wakazunguka mji tena, mara ishirini. Kila baada ya mizunguko mitano walizima na kuwasha. Mara moja ingeweza kuwa bahati, Olow alisema. Iliwaka mara zote nne.

Jumamosi msafara ulisimama katikati ya njia. Injini zikazimwa. Sajini alitembea moja kwa moja mpaka kwenye pikapu ya Billow, akasimama dirishani, mikono nyuma. Filimbi ikalia. Billow akasema bismillahi, akapiga stata. Injini ikawaka. Sajini alikaa kidogo akiisikiliza, kisha akawapungia mkono wapite.

Jumapili walisimama palepale, na safari hii Naimo alikuwa amelaza kichwa kwenye paja la mama yake. Ardo alikuwa amemshika mkono, na kadiri filimbi ilivyokawia ndivyo Naimo alivyosikia vidole vya mama vikimbana.

"Hooyo, unaogopa nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Kabla Ardo hajajibu, filimbi ililia, na pikapu ikawaka.

Hospitalini walimpokea Naimo jioni ile ile. Muuguzi alisema wangechelewa siku mbili, asingeahidi kitu. Siku ya tisa Naimo alijifungua mtoto wa kike, mdogo, mwenye sauti kubwa. Uvimbe ulikuwa unashuka, na macho yake yalimwona mtoto vizuri. Ndipo Ardo alipomjibu swali lake. Alimweleza habari ya kizibo yote, bila kujificha, na Naimo akamwekea mtoto mikononi.

Mfuniko wa kiwandani haukupatikana mwaka ule. Pikapu iliendelea na kizibo cha mti, chenye kitambaa kichwani kama mzee mwenye kilemba. Mtu yeyote aliyeleta gari lake Galbet akilalamika kwamba linagoma, Ardo alimuuliza kwanza linagoma lini. Kisha alimwonyesha kile kitundu, akamsimulia kosa lake mwenyewe. Majirani walilijua kosa hilo vizuri sana, kwa sababu aliwakumbusha.