Nilimnyima Binti Yangu Chakula ili Aingie Mbinguni

Nina miaka arobaini na moja, mjane, karani wa masijala katika ofisi moja hapa Kibaha. Naishi mtaa wa Picha ya Ndege, kwenye nyumba yangu mwenyewe, na ndani ya nyumba hiyo niko peke yangu. Mtoto ninaye, mmoja, yu hai, ana miaka kumi na mitatu... lakini haishi na mimi. Na tafadhali, wasomaji wenzangu, msianze kunionea huruma. Subirini mfike mwisho.

Binti yangu anaitwa Naomi. Alipofika miaka mitatu bila kusema hata "mama", tulimpeleka hospitali Dar, daktari akatuambia ana usonji. Alitueleza taratibu kwamba si ugonjwa wa kumeza dawa ukaisha, si pepo, wala si kosa la mtu. Ndivyo alivyo, na atahitaji kufundishwa polepole. Mimi nililia njia nzima. Mume wangu Yohana hakulia. Alisema mtoto tumeshampata, sasa kazi yetu ni kumjua.

Na kweli alimjua! Alijua kwamba Naomi hali chakula chenye rangi, anakula wali mweupe, ugali, mihogo ya kuchemsha, basi. Alijua kwamba kelele za spika zinamuumiza masikio. Jioni walikaa wawili sakafuni wakibana vibanio vya nguo kwenye ukingo wa ndoo, kimya, na Naomi akifurahi alitoa mvumo fulani kooni kama friji. Mimi nilikuwa nawapita tu nikienda jikoni.

Naomi alipokuwa na miaka kumi na moja, Yohana aliugua ini. Wiki tatu tu... Tulimzika kwao Kibuta, Kisarawe, nyuma ya nyumba ya mama yake. Kila aliyenishika mkono aliniambia neno lile lile: usilie, mtaonana tena mbinguni. Nililishika neno hilo kwa mikono miwili. Ningeshika nini kingine?

Jirani yangu mmoja akanipeleka kwenye kanisa lao jipya. Mchungaji alikuwa kijana, anaihubiri mbingu utadhani ametoka huko jana. Jumapili moja alihubiri juu ya familia iliyofika langoni: baba akaingia, mama akaingia, mtoto akabaki nje kwa sababu hakumkiri Bwana kwa kinywa chake mwenyewe. Kanisa zima lilikuwa linalia. Mimi sikulia, nilikuwa nahesabu. Baba ni Yohana, mama ni mimi. Na mtoto?

Nilimfuata ofisini kwake. Aliuliza umri wa Naomi, nikamwambia imebaki miezi saba afikishe kumi na miwili. Akasema mpaka umri huo Mungu hamhesabii mtoto dhambi, lakini baada ya hapo kila mtu ni kwa kinywa chake. Nikamwambia Naomi alishabatizwa akiwa mchanga, kule Kibuta, kwenye kanisa la bibi yake. Akatabasamu. Akasema yule alinyunyiziwa maji tu. Ubatizo ni wa maji mengi, na kabla ya kuzamishwa mtu huulizwa na lazima ajibu mwenyewe. Nikauliza, na asiyeweza kusema je? Akasema Mungu hashindwi kufungua kinywa, labda mama ndiye awe hana imani.

Labda mama! Neno hilo nilirudi nalo nyumbani, nikala nalo, nikalala nalo.

Njia alinipa mama mchungaji. Alisema mtoto akitaka kitu asipewe mpaka aseme, njaa ikimbana atasema mwenyewe. Naomi alikuwa anasoma kitengo maalumu, na mwalimu wake alikuwa amemfundisha kwa picha: akitaka maji anaonyesha picha ya kikombe. Mwalimu yule alinisihi sana nisimlazimishe. Nikamwona mtu wa dunia, hajui mambo ya rohoni. Nikamtoa Naomi shule, nikachukua likizo, nikafunga mlango.

Haya ninayoandika sasa hata ndugu zangu hawayajui...

Asubuhi niliweka sahani ya wali mbele yake, nikaishikilia. Nikamwambia aseme "Namkiri Yesu." Akinyoosha mkono, naivuta sahani. Akinishika mkono wangu na kuupeleka kwenye chakula, maana ndivyo alivyozoea kuomba, naukung'uta. Siku ya kwanza alikaa mpaka saa kumi jioni, ndipo nikampa vijiko vichache. Siku ya nne nikaongeza mwiko. Nilimpiga vidoleni, si sana, nilijiambia si sana... Vibanio vyake nikavificha juu ya kabati. Alikonda mpaka gauni la shule likawa linamning'inia begani.

Na mimi nilikuwa nafunga, nikidhani tunateseka pamoja. Uongo mtupu! Mimi nilijua kwa nini sili. Yeye alijua nini?

Wiki ya sita akasema. Sauti ilikuwa kavu, nzito kuliko nilivyotarajia: "Namkiri Yesu." Miaka yote hiyo nilikuwa sijawahi kumsikia mwanangu akitamka neno! Nilipiga magoti nikalia, nikampa sahani, akala kwa mikono yote miwili bila kunitazama. Laiti ningemtazama vizuri siku ile. Lakini macho yangu yalikuwa juu, nashukuru Mungu.

Siku ya ubatizo spika zilikuwa wazi hadi mwisho, na Naomi alianza kupiga kelele tangu mlangoni. Mashemasi wawili walimshika mikono wakamwingiza kwenye kisima cha ubatizo. Mchungaji alipomuuliza, mimi niliinua tu mkono wangu pale pembeni, naye akalisema neno lile. Akazamishwa. Alipoibuka hakupiga kelele tena, alikuwa anatetemeka tu, na watu wakashangilia. Video ikasambazwa kwenye grupu la kanisa, kwamba bubu amesema kwa maombi ya mtumishi. Hakuna aliyeniuliza nilimfundishaje. Nikapokea pongezi zangu.

Kuanzia hapo Naomi alilisema neno lile kutwa. Nikishika ufagio, analisema. Nikirudi kazini na kufungua mlango, analisema. Nilifurahi, haki ya Mungu, nilijua ni Roho anafanya kazi!

Ndipo mama mkwe wangu akaja kututembelea kutoka Kibuta na kikapu cha mihogo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akakaa kwenye kigoda jikoni, na mimi nikaanza kumsimulia muujiza. Huku namsimulia, nikachukua mwiko nisonge ugali. Naomi alikuwa amesimama karibu na bibi yake. Alipouona mwiko alijitupa chini ya meza, akaziba masikio, akafumba macho, akaanza: "Namkiri Yesu, namkiri Yesu, namkiri Yesu..." Mkojo ukawa unamtiririka miguuni.

Mama mkwe si mtu wa maneno mengi, na mimi hajawahi kunipenda sana. Aliutazama mwiko, akamtazama mjukuu wake.

"Mama Naomi," alisema, "mtoto hasali huyu. Anakuomba usimpige."

Nilitaka kubisha. Mwiko bado nilikuwa nao mkononi.

Alimchukua siku ile ile. Nikamkimbilia mlangoni nikamuuliza, je, asipofika mbinguni? Alikuwa anamvisha Naomi viatu. Akaniambia bila kuinua kichwa kwamba Naomi alipobatizwa Kibuta yeye ndiye aliyempakata, na Mungu alimpokea akiwa hajui kusema lolote.

"Hajabadilisha masharti," alisema. "Uliyebadilika ni wewe."

Nilikwenda kwa mchungaji, nikamweleza yote, njaa na mwiko. Nilitegemea atashtuka. Wala! Aliniambia kwa upole kwamba la muhimu limeshafanyika. "Unataka akupende hapa duniani," aliniuliza, "au umkute mbinguni?" Nikatoka bila kuaga, na sijakanyaga tena pale. Nasikia video ya mwanangu bado wanawaonyesha wageni.

Sasa ni zaidi ya mwaka. Kibuta Naomi amenawiri, na bibi yake anasema huwa anacheka akiona kuku wakigombea maganda ya mihogo. Mimi sijawahi kuliona hilo kwa karibu. Nikienda Jumamosi, akisikia tu sauti yangu uani, anakimbilia ndani na kuanza lile neno. Mama mkwe ameniomba nisiingie kwanza. Kwa hiyo nakaa kwa jirani, ng'ambo ya mikorosho, namtazama kwa mbali, kisha narudi zangu Kibaha.

Mungu aliyemuumba bila maneno, angemdai maneno mlangoni? Swali rahisi kiasi hicho, mtoto wa shule ya Jumapili angeliuliza. Mimi, mtu mzima na kazi yangu ya serikali, sikuliuliza! Niliiachia spika inijibie.

Mzazi mwenzangu mwenye mtoto wa usonji, nakusihi. Mtu yeyote akikuambia umtese mwanao kwa ajili ya roho yake, hata awe ameshika Biblia, nyanyuka uondoke na mwanao. Msikilize daktari. Msikilize mwalimu. Na mtoto akitaka chakula, mpe ale.

Zamani nilikuwa naogopa nifike mbinguni nisimkute Naomi. Siku hizi naogopa kumkuta. Naogopa ataisikia sauti yangu pale langoni, na atakimbilia nyuma ya baba yake, azibe masikio.