Pumzi ya Jeniffer

Hili lilimpata Kagwiria, binti ya Mwirigi fundi viatu, jirani yetu hapa Gatitu. Asiyeamini na aende amuulize Mwirigi mwenyewe, kama ataweza kumtazama machoni.

Ilikuwa Jumamosi ya likizo ya Agosti. Kagwiria alikuwa kidato cha nne, na kilichomnyima raha ni fasihi ya Kiingereza. Walikuwa wakisoma tamthilia ya kisasi, imejaa sumu na mizuka, na ilikuwa lazima iulizwe kwenye mtihani wa Novemba. Asubuhi hiyo simu ya babake ikalia. Alikuwa Wachuka wa Mweiga, mamake Jeniffer.

"Nimepata daftari ya Jeniffer," alisema. "Ile ya noti za hiyo kitabu. Kuja uchukue. Mimi itanisaidia na nini?"

Kagwiria hakungoja hata chai. Katika fasihi Jeniffer alikuwa wa kwanza darasani na yeye wa pili, mpaka mwaka uliotangulia Jeniffer alipofariki kwa pumu. Noti zake hata walimu walikuwa wakiziazima.

Alimkuta Wachuka jikoni akimenya viazi. Ukungu wa milima ya Aberdares ulikuwa umeshuka mpaka uani. Ng'ombe walisikika lakini hawakuonekana. Daftari lilikuwa mezani.

"Nitakupatia," Wachuka alisema, akalivuta upande wake. "Lakini kwanza unisomee hiyo stori. Jeniffer alikuwa ananiambia, hakumaliza. Mimi Kizungu sijui. Niambie na Kiswahili."

Kagwiria akatoa kitabu chake, akaanza kusoma na kutafsiri. Mwana wa malkia alikuwa na rafiki aliyekua naye pamoja. Rafiki akamwonea wivu, akamtilia sumu, kisha akawa mstari wa mbele kuita waganga.

"Alikuwa anamwangalia akikufa?" Wachuka aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Alikuwa amesimama mbali aje?"

"Kitabu haisemi."

"Na wewe unafikiria mbali aje?"

Kisu kiliendelea kumenya.

Kagwiria hakuhitaji kufikiria. Hatua tatu. Siku ya mtihani wa majaribio alikuwa ameiba inhela ya Jeniffer, ile dawa yake ya kuvuta, akitaka tu pumu imshike akose karatasi hiyo moja. Jeniffer akaanguka bwenini. Wasichana wakapindua magodoro, wakamwaga masanduku, na Kagwiria akatafuta pamoja nao, kwa bidii kuliko wote, mkono mmoja ukiwa mfukoni mwa sweta, umeishika. Aliiona midomo ya mwenzake ikibadilika rangi. Angeweza kuitoa akasema ameiokota. Lakini je, wakishuku? Akaendelea kutafuta.

"Endelea," Wachuka alisema.

Hapo ndipo aliposikia. Nyuma ya mlango wa chumba cha kulala mtu alikuwa akivuta pumzi. Kwa shida. Ilipiga mluzi ikiingia. Ikapiga mluzi ikitoka.

"Mama, kuna mgonjwa?"

"Soma. Anasikiliza."

Alitaka kuinuka. Lakini daftari bado lilikuwa upande wa Wachuka. Akasoma. Alifika pale mzuka wa mwana unapomjia malkia na kumtajia aliyemuua. Nyuma ya mlango, pumzi ikalainika kidogo. Kifua cha Kagwiria kikabana. Akafunua ukurasa. Pumzi ya kule ikalainika tena. Yake ikaanza kupiga mluzi.

"Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Si hii ni kitabu tu?" Wachuka alinong'ona. "Soma."

"Nilikuwa nayo kwa mfuko."

"Nini?"

"Inhela. Nilikuwa nayo hiyo time yote."

Kisu kikasimama. Wachuka akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi.

"Najua. Aliniambia hata kabla tumzike. Nilikuwa nataka tu kusikia na mdomo yako."

Akamsukumia daftari. "Shika. Nilisema nitakupatia. Enda usome sana."

Nyuma ya mlango kulikuwa kimya. Kimya cha mtu aliyepata usingizi baada ya muda mrefu.

Tangu siku hiyo Kagwiria hakuvuta pumzi hata moja bila mluzi. Madaktari wa Nyeri walimpiga picha za kifua mara mbili. Mapafu safi. Hana pumu, walisema. Akapewa inhela, ikawa kama kuvuta hewa ya chupa tupu. Mwishoni mwa Oktoba, akiwa hawezi tena kulala chali, alimsimulia babake yote.

Mwirigi akaenda Mweiga kesho yake. Mwanamume mzima akapiga magoti uani kwa watu.

"Mama Jeniffer, tafadhali. Mwambie amrudishie."

Wachuka alikuwa akianika nguo. Hakugeuka.

"Mzee, mimi sina kitu yake. Na huyu wangu ndio amelala tu sasa. Sitamwamsha."

Kagwiria aliufanya mtihani. Alikuwa amezikariri noti zote za Jeniffer, neno kwa neno. Siku ya karatasi ya tamthilia aliandika kurasa mbili, kisha akainua mkono. Msimamizi, Bwana Theuri, alidhani anaomba karatasi ya ziada. Alipofika, msichana alikuwa tayari sakafuni, macho wazi, mdomo ukifunguka na kufumbika. Wakafungua madirisha yote. Hewa ilikuwa tele, baridi, ya mlimani. Haikumwingia hata chembe.

Kwenye mazishi Wachuka alikuja mapema. Aliimba na akina mama, akashika mkono wa kila mtu wa familia. Chakula kilipogawiwa alikula sahani mbili.

Chumba cha Kagwiria kimefungwa kwa kufuli tangu siku hiyo, na ufunguo anao Mwirigi. Dirisha lake linatazama kwetu. Kila asubuhi ya baridi kioo hufanya ukungu, kwa ndani. Si kioo chote. Ni miviringo miwili tu, ya ukubwa wa mdomo, imekaribiana. Mmoja hukauka jua likichomoza, taratibu, kama pumzi ya mtu aliyelala. Wa pili hubaki. Hupanuka, hunywea. Hupanuka, hunywea. Haraka haraka.