Tulisema Ni Mzio

Mume wangu, Kampui, hupiga chafya kila asubuhi kabla hajavaa viatu. Chafya tatu, nne, siku nyingine saba. Mama yake alikuwa akizihesabu kwa sauti huku akimlisha mjukuu.

"Sita! Pua yako ingekuwa bomba, tungeshamwita fundi."

"Ni vumbi la mawe, Mama," Kampui alijibu. "Mzio tu."

Hapa Sihui, kusini mwa China, watu wengi wa mtaa wetu huchonga mawe ya kijani. Hutengeneza bangili, hirizi na sanamu. Vumbi lake jeupe hukaa kwenye nyusi na puani. Kampui ameifanya kazi hiyo miaka ishirini, na miaka ishirini amekuwa akipiga chafya. Hakuna aliyeshangaa.

Mezani asubuhi hiyo kulikuwa na uji wa mchele na samaki wa chumvi. Mama mkwe alichambua kipande kidogo, akakiponda, akakitia katika uji wa mtoto. Binti yetu Hoiting alikuwa na miezi saba.

"Kampui nilimlea hivihivi," alisema. "Mtoto asiyeonja chumvi atapendaje chakula?"

Katika nyumba yetu, jikoni ni kwa mama mkwe.

Mwezi wa tisa, niliona kamasi lenye damu kwenye sinki. Nilimwonyesha Kampui.

"Pua imekauka," alisema, akafungua maji.

Kisha sikio lake la kushoto likaziba. Nikimwita kutoka upande huo, hageuki.

"Nimekuambia mara tatu, lete mchele! Masikio umeyaacha kazini?" nilimfokea.

"Ni mzio, Saulan. Umepanda sikioni."

Alinunua vidonge vya mzio. Vikaisha, akanunua vingine. Chafya zilipungua kidogo, lakini tundu la kushoto la pua halikufunguka wala damu haikukoma. Mimi niliona yote hayo, nikanyamaza. Hilo linaniuma mpaka leo.

Jirani yetu, Kwaifong, ni muuguzi wa zahanati ya mtaa. Siku moja ya mwezi wa kumi na mbili alituletea machenza kutoka shamba la kaka yake. Alimkuta Kampui akijigonga sikio kwa kiganja.

"Kaka, sikio lina nini?"

"Mzio."

"Masikio yote mawili?"

"La kushoto tu."

"Na pua?"

"Ya kushoto. Tena asubuhi natoa damu kidogo. Si kitu."

Kwaifong aliweka machenza mezani, akavuta kiti.

"Sikiliza, kaka. Mzio huwasha. Hutoa makamasi mepesi kama maji, mara nyingi pande zote mbili. Ukiliacha vumbi, unapata nafuu. Lakini pua inayoziba upande mmoja bila kufunguka, damu kwenye kamasi, sikio moja kuziba, hayo ni mambo mengine. Nenda hospitali. Wataingiza kamera nyembamba waangalie nyuma ya pua. Huenda si saratani, lakini lazima waangalie."

Kampui alicheka. "Saratani? Kule karakana wanasema mwenye mzio hapati saratani. Mwili wake uko macho muda wote."

"Umewahi kufuga mbwa anayembwekea kila mpita njia?"

"Ndiyo."

"Mwizi hakuingia?"

"Aliingia. Akaondoka na baiskeli."

"Basi usiutegemee mzio kuwa mlinzi. Watafiti wamechunguza jambo hilo. Kwa saratani chache, wenye mzio wameonekana kuugua mara chache kuliko wengine. Kwa nyingine, hakuna tofauti. Hakuna daktari atakayekwambia uko salama kwa sababu unapiga chafya. Wala usiogope kwamba mzio umegeuka saratani, haugeuki. Hatari ni kwamba mzio unajulikana nyumbani, basi kila dalili inapewa jina lake. Baba yako alikufa kwa nini?"

"Mzio wa pua. Ulimzidi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili."

Kwaifong alimtazama mama mkwe. Mama mkwe aliinuka, akaenda kuosha bakuli lililokuwa safi tayari.

"Mama Kampui," Kwaifong aliita, "katika ukoo huu kuna aliyeugua saratani ya nyuma ya pua?"

"Hakuna!" alijibu bila kugeuka. "Na neno hilo usilitaje humu ndani, mwaka mpya umekaribia. Unataka kutuletea mkosi?"

Kampui akasema ataenda baada ya sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina, iliyokuwa mwanzoni mwa Februari. Kwaifong aliondoka amekunja uso.

Kwetu, nywele hukatwa kabla ya mwaka mpya, ili mtu asiingie na uchovu wa mwaka uliopita. Siku tisa kabla ya sikukuu nilimkalisha Kampui uani, nikamfunga taulo shingoni. Nilipofika chini ya sikio la kushoto, vidole vyangu viligusa uvimbe. Ulikuwa mgumu kama kokwa la tunda.

"Hapa panauma?"

"Hapaumi. Kata bwana, baridi kali."

Mama mkwe alikuwa ameketi kizingitini na mtoto. Alikuja, akagusa mahali pale.

"Hata uvimbe wa baba yako ulianzia hapohapo," alisema.

"Mzio hautoi uvimbe, Mama," nilisema.

"Haukuwa mzio."

Kampui aligeuka na nywele zake nusu. "Umesema nini?"

"Daktari alituambia ni saratani. Tukamwomba asimwambie baba yako. Ndivyo watu walivyofanya. Mgonjwa akijua, moyo wake unakufa kwanza. Tukamwambia ni mzio. Alikunywa dawa za mzio huku akituuliza kwa nini haponi." Alifuta macho kwa kitambaa cha mtoto. "Nanyi watoto tukawaambia hivyohivyo. Baadaye nikashindwa pa kuanzia."

Nilikasirika. Nilikasirika hata mkasi ukaniponyoka. "Kwaifong alikuuliza, Mama! Wiki sita zimepita!"

Aliuokota mkasi, akanipa.

Nilimalizia kukata nywele huku nalia, kwa sababu mtu hawezi kwenda hospitali na kichwa nusu. Kesho yake tulikwenda. Daktari aliingiza kamera, akakata kinyama kidogo kwa uchunguzi. Jibu lilikuja siku mbili kabla ya sikukuu. Ilikuwa saratani ya nyuma ya pua, na ilikuwa imeshafika kwenye tezi za shingo.

Mama mkwe alimshika daktari mkono kwenye korido. "Usimwambie."

"Niambie mimi mwenyewe," alisema Kampui, akiwa nyuma yake. "Baba hakuambiwa."

Daktari alimwambia kila kitu. Tungekuja mapema, alisema, huenda mionzi peke yake ingetosha. Sasa angehitaji mionzi na dawa za mshipani. Lakini bado kulikuwa na matumaini, kwa sababu saratani haikuwa imesambaa mbali zaidi.

Kwaifong alikuja kutuona. Nilimuuliza saratani hii imetoka wapi.

"Kuna kirusi kinachoenezwa kwa mate ambacho karibu kila mtu anacho, na wengi hakiwadhuru," alisema. "Lakini kwetu kusini hatari ni kubwa zaidi, hasa kama mzazi au ndugu ameugua. Samaki wa chumvi naye huongeza hatari, hasa akilishwa mtoto mchanga. Na sigara. Ndugu wa Kampui wapimwe damu, na waangaliwe kwa kamera. Mwambieni Kamwah."

Kamwah ni mdogo wake Kampui. Anafanya kazi kiwandani, mbali, na mwaka ule hakupata likizo ya sikukuu. Mama mkwe alisema atampigia yeye. Alipiga, akarudi akisema, "Nimemwambia." Sikuuliza amemwambia nini.

Mionzi ilichukua wiki karibu saba. Mdomo wa Kampui ulikauka, koo likawa kidonda, akakonda hadi pete ikamvuka kidoleni. Siku nne baada ya mionzi ya mwisho ilikuwa siku ya kusafisha makaburi. Alikataa kubaki nyumbani. Tulipanda kilima polepole, ukoo wote, na mvua nyepesi ilikuwa ikinyesha.

Kamwah alimwona kaka yake, akasimama na ufagio mkononi.

"Mzio gani huu, Mama? Ulisema mzio!"

Hapo nikajua. Nilimtazama mama mkwe, naye akalitazama kaburi. Alichoma ubani, akainama mara tatu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Baba Kampui, nilikudanganya. Ulikuwa na saratani ya nyuma ya pua. Mwanao anayo pia."

Kampui alikuwa amesimama kulia kwake, na sikio lake la kushoto ndilo lililokuwa karibu naye.

"Unasema nini, Mama? Sisikii."

Mama mkwe alivuta pumzi. "Saratani!" alipaza sauti. "Baba yenu alikufa kwa saratani! Mimi ndiye niliyeficha!"

Hata watu wa makaburi ya jirani waligeuka. Kamwah aliweka ufagio chini.

Mwezi uleule, watu saba wa ukoo wetu walipimwa damu. Sita hawakuwa na shida. Damu ya Kamwah ilileta shaka, akaangaliwa kwa kamera, wakaona kitu kidogo sana. Hakuwa na dalili yoyote. Alitibiwa kwa mionzi peke yake, akarudi kiwandani.

Kampui yu hai. Hupimwa kila baada ya miezi mitatu, na huenda na maji ya kunywa kila aendako. Sikio lake halikurudi. Hoiting anakula uji wa yai na boga. Mama mkwe huupika mwenyewe, na samaki wa chumvi hamgusishi tena.

Kamwah akija, mimi humwita kwa sauti ndogo kutoka upande wa kushoto. Anageuka mara moja.