Ungemuoa Fundi Mwashi?

"Samahani dada, fundi mwenyewe yuko wapi?"

Ukumbi wa shule ulifurika wanafunzi wa kidato cha nne, wanasukumana kuifikia meza ya daktari na ya mwanasheria, kelele za kuziba masikio. Kwenye kona, nyuma ya rundo la matofali na karai la saruji, alisimama mwanamke mwenye ovaroli ya bluu iliyopauka, kitambaa chekundu kichwani, mwiko mkononi. Alimkagua aliyemuuliza kuanzia viatu vilivyong'aa mpaka miwani.

"Anakuangalia," akajibu.

Mwalimu akababaika. Yeye ndiye aliyeandaa siku hiyo ya kuwaonyesha vijana kazi za kufanya, za ujenzi zikiwemo, na ndiye aliyeomba aletewe fundi mwashi. Aliomba radhi mara tatu.

"Radhi sitaki. Vua koti uje unishikie uzi."

Akavua. Wanafunzi walipomwona mwalimu wao amechuchumaa, saruji mpaka kwenye kiwiko, wakaisahau meza ya mwanasheria. Fundi akawagawia miko, akawaonyesha namna ya kulaza tofali, kuligonga taratibu kwa mpini, na kungoja povu la pimamaji litulie katikati. Msichana mmoja mrefu alipanga matofali saba bila kuinua kichwa.

"Hii inasomewa wapi, dada?" akauliza. Fundi akamwandikia kiganjani jina la chuo cha ufundi na namba yake mwenyewe ya simu.

Kesho yake simu ya fundi ikalia.

"Nimepiga kuulizia ule ukuta," mwalimu akasema.

"Ukuta tuliubomoa jana ileile, mwalimu. Sema unalotaka."

"Nataka kusikia sauti yako."

"Haya, umeshaisikia. Tunapumzika saa saba mchana. Njoo uisikie vizuri."

Akaja, na akaendelea kuja miezi mitano, akila chakula cha mchana juu ya mbao za jukwaa la ujenzi huku mafundi wanamtania kwa suruali yake iliyogeuka nyeupe kwa vumbi. "Fundi wangu," alimwita. "Mwalimu wangu asiyejua kushika mwiko," naye akamwita. Fundi alimpenda, tena bila kujibania. Hakuna mwanaume aliyewahi kumuuliza habari za kazi yake akasikiliza jibu mpaka mwisho.

Jumapili moja mwalimu akampeleka kwa mama yake. Fundi alivaa gauni la kijani lililomkaa sawasawa, kucha amezisugua mpaka zinauma. Mama akampokea kwa mikono miwili.

"Karibu, karibu mhandisi! Mwanangu ameniambia unavyowasimamia hao mafundi wako."

Fundi akamgeukia mwalimu. Mwalimu alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Fundi akamngoja aseme. Kijiko kikaendelea kuzunguka.

"Mimi ni fundi mwashi, mama," akasema mwenyewe. "Kuta nazijenga kwa mikono hii."

Mama akamtazama mwanawe, mwanawe akatazama kikombe. Fundi akaaga kwa adabu, akatoka. Mwalimu alimfikia getini.

"Mpenzi, nisikilize, nilikuwa natafuta siku nzuri ya kumwambia..."

"Watoto wa watu unawaambia kazi yangu ina heshima. Mama yako unamwambia nina kazi nyingine. Unanionea aibu?"

Mwalimu akageuka kutazama kama mama yake anasikia, na hilo lilimuuma fundi kuliko ndiyo.

Wiki tatu fundi hakupokea simu zake. Kazini simu ilipoita aliifukia chini ya koti lake, akainamia matofali wenzake wasimwone akilia.

Kisha akapiga simu yule msichana mrefu. Baba hataki kusikia habari za chuo, kuna kikao cha wazazi shuleni, dada aje amsaidie. Fundi akaenda moja kwa moja kutoka kazini, akakaa kiti cha nyuma kabisa.

Baba wa msichana alikuwa ameshasimama. "Mwalimu, binti yangu alitaka sheria. Tangu mmletee matofali, hasikii la mtu. Niambie ukweli, wewe na tai yako, ungemuoa fundi mwashi?"

Wazazi wakacheka. Mwalimu, ambaye hakuwa amemwona fundi kule nyuma, akavua miwani.

"Leo hii ningemuoa. Yupo, na ninampenda. Ila nilimdanganya mama yangu kuwa ni mhandisi, kwa kuogopa uso wa mama utakavyobadilika. Yeye akausema ukweli, mimi nikakoroga chai. Usiniulize mimi kama ningemuoa, mzee. Aulizwe yeye kama bado ananitaka."

Baba wa msichana akakaa polepole. "Na huko chuoni," akauliza, "wanasoma miaka mingapi?"

Nje, uwanjani, fundi na mwalimu wakakutana uso kwa uso.

"Umesikia?" mwalimu akauliza.

"Nimesikia. Wazazi wa watu umewaambia. Mama yako je?"

"Bado."

"Mpigie. Weka sauti kubwa."

Akapiga. "Mama, yule mgeni si mhandisi. Nilikudanganya. Ni fundi mwashi, na nataka kumuoa."

"Kwamba ni fundi, aliniambia mwenyewe," sauti ya mama ikajibu. "Wiki tatu nasubiri uniambie wewe. Nimeanza kujiuliza binti kama yule anataka nini kwako."

Kicheko kikamtoka fundi pamoja na machozi.

"Nani huyo anacheka?"

Akaichukua simu. "Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Sasa utamkubali?"

"Hajaniuliza, mama. Amewaambia wazazi wa shule nzima, amekwambia wewe. Mimi ndiye bado."

"Basi kata simu," mama akasema.

Akakata, akamgeukia mwalimu. "Haya, niulize."