Sarufi na Ufunguo Mmoja

Kila alasiri baada ya shule, Sarufi alifanyia kazi zake za masomo katika ofisi ya shangazi yake, mtengenezaji wa programu za kompyuta. Jina hilo la utani alipewa nyumbani, maana hakuliacha neno lililokosewa lipite, hata likitoka kinywani mwa babu yake.

Siku hiyo wingu zito lilikuwa limetanda na umeme umekatika mtaa mzima. Shangazi alifungua kompyuta yake, iliyokuwa bado na chaji, aangalie joto la friji ya chanjo za watoto katika zahanati ya mtaa huo. King'ora cha friji hiyo alichokuwa akikitengeneza kilikuwa hakijakamilika, hivyo alilisoma joto hilo mtandaoni kupitia programu ya majaribio. Akabonyeza. Jibu likaja kwa maandishi mekundu: Huna ruhusa.

Alibonyeza tena, likarudi lilelile. Akakagua mtandao, akalinganisha ufunguo wa siri, ule msururu wa herufi unaoiruhusu programu kusoma vifaa vya zahanati, herufi kwa herufi, hakuona kasoro. Simu ikaita. Alikuwa muuguzi wa zahanati, ndiyo kwanza ameanza safari, anauliza kama friji inapata joto ili ageuze gari. Shangazi alimwomba asikate simu.

Sarufi aliinamia daftari. Jana, shangazi alipotoka kidogo, Sarufi aliona katika mipangilio ya programu ile neno "funguo" limeandikwa kando ya ufunguo mmoja tu. Kiswahili gani hicho? Akaongeza "u", akahifadhi, akajisifu kimoyomoyo. Sasa alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nadhani ufunguo huu umedukuliwa," shangazi alisema taratibu. "Itabidi niufute niombe mwingine. Vifaa vyote vya zahanati vitanyamaza mpaka kesho."

Mkono wake ulikuwa tayari unasogea.

"Shangazi, usifute. Ni mimi," Sarufi alisema. "Uliandika funguo, nikasahihisha."

Shangazi alimtazama. Akafungua sehemu ya mipangilio, ambako kila siri huhifadhiwa na kupewa jina lake. Programu ilikuwa ikiita "funguo", lakini siri ile sasa iliitwa "ufunguo", hivyo hapakuwa na wa kuitika. Akaifuta ile "u", akabonyeza. Joto likaonekana, limekaribia kikomo cha usalama wa chanjo.

"Geuza gari, dada. Kawashe jenereta," alimwambia muuguzi.

Walikaa mbele ya kioo cha kompyuta, nje giza la mvua likizidi. Namba ilipanda, ikapanda tena, ikasimama. Hatimaye ikaanza kushuka, na Sarufi akaangua kilio.

"Kiswahili chako ni sahihi," shangazi alisema, akimfuta machozi. "Wengi wetu husema funguo hata ukiwa mmoja. Lakini kompyuta haijui sarufi, inajua jina ililopewa. Kitu cha mwenzako usikiguse kabla ya kumwuliza. Na ukikosea, sema palepale. Muda wote ulioinamia daftari, chanjo zilikuwa zikipata joto."

Kwa mara ya kwanza, Sarufi hakuwa na neno la kusahihisha.