Uzio wa Olusia na Nyuki Waliopakwa Unga

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, Nicanor alikwenda nyuma ya nyumba kuisikiliza mizinga yake miwili. Aliinama, akaweka sikio kwenye ubao, akatulia. Mkewe, Teresa, aliendelea kufagia uwanja. Aliweza kuusoma uso wa mumewe bila kuuliza, lakini aliuliza.

"Bado wapo, Baba Joyline?"

"Wapo. Ila sauti yao imepungua."

Ilikuwa katikati ya Januari. Katika kijiji chao, karibu na Ndhiwa, mvua za vuli zilikuwa zimekwisha na nyasi zilikuwa zimekauka. Miaka miwili mfululizo nyuki wa Nicanor walikuwa wamehama katika majira hayohayo. Walihama wote, wakaacha masega matupu.

Mizinga yenyewe haikuwa yake. Alikabidhiwa na kikundi cha wafugaji wa nyuki. Mwenyekiti wa kikundi, Mama Lynnet, alikuwa amemwambia waziwazi: "Nitakuja mwezi wa tatu. Nikiikuta mitupu kwa mara ya tatu, nitaipeleka kwa mwanachama mwingine."

Nicanor aliketi, akachukua kikombe chake.

"Nyuki hawahami bila sababu," alisema. "Kuna mtu anayewaita."

"Nani huyo?"

"Unamjua."

Teresa alimjua. Ng'ambo ya kijito aliishi Maroa pamoja na mkewe, Jerusha. Walikuwa Wakuria kutoka upande wa mpakani, na walinunua shamba hapo miaka saba iliyopita. Maroa alikuwa na mizinga minne. Kiangazi kilipofika, mizinga ya kijiji kizima ilinyamaza, lakini ya Maroa iliendelea kuvuma.

"Tena lile boma lake," Nicanor aliendelea. "Halifyekwi hata Krismasi. Mtu anayeacha vichaka vimzunguke anaficha nini?"

Hapo ndipo Nicanor aliposhuku zaidi, kwa maana yeye alikuwa mtu wa usafi. Kila mwaka, ifikapo tarehe ishirini Desemba, familia za kijiji hicho hufyeka maboma. Ndugu wanarudi kutoka Nairobi, Kisumu na Mombasa, na kila mwenye boma hutaka wageni wake waone nyumba tangu barabarani. Uzio wa Nicanor ulikuwa wa olusia, kile kichaka chenye majani machungu. Aliukata hadi magotini, matawi akayachoma. Watu wengi waliusifu.

Asubuhi hiyo aliingia jikoni, akatoka na kikombe cha unga wa muhogo.

"Unakwenda kusonga ugali saa hizi?" Teresa alishangaa.

"Nakwenda kupaka nyuki."

Teresa aliweka ufagio chini. "Baba Joyline, jua halijawa kali kiasi hicho."

Nicanor alivaa koti lake la wavu, akanyunyiza unga kidogo kwenye mlango wa mzinga. Nyuki walitoka na migongo myeupe. Waliruka juu, wakazunguka mara moja, kisha wakaelekea kijitoni. Nicanor aliwafuata akikimbia.

Alipofika kwenye uzio wa Maroa, alisimama. Uzio ulikuwa mrefu kuliko mtu, na kileleni ulijaa maua madogo meupe. Ulikuwa ukivuma kama mashine ya kusagia. Nicanor alichuchumaa chini yake, akatazama. Hakukawia kumwona nyuki mmoja mwenye mgongo mweupe, kisha wa pili, kisha wa tatu.

"Umepoteza kitu, Baba Joyline?"

Aligeuka. Jerusha alikuwa amesimama nyuma yake na ndoo ya maji kichwani. Nicanor alisimama na kujipangusa magoti.

"Mwite Mzee Maroa. Nataka aone kwa macho yake."

Maroa alikuja akitafuna muwa. Nicanor alimwonyesha nyuki mmoja.

"Huyu ni wangu. Na yule. Nimewapaka unga nyumbani kwangu, nikawakuta kwako. Sasa sema, umeweka nini katika uzio huu?"

Maroa alimtazama nyuki yule, kisha akacheka.

"Omera, ndugu yangu, umewavalisha sare ya shule."

"Sicheki, Mzee."

"Naona. Zamani mlitushuku kwa wizi wa ng'ombe, leo tumefika kwenye nyuki." Maroa alitema makapi ya muwa. "Haya, chagua mmoja. Mfuate kwa macho, usimwache."

Nicanor alimchagua mmoja. Nyuki yule alitoka ua moja hadi lingine. Alipotosheka aliruka juu, akazunguka, kisha akaruka moja kwa moja kuvuka kijito.

"Ameelekea wapi?" Maroa aliuliza.

Nicanor alisita. "Upande wangu."

"Basi niambie, ni mwizi gani anayechukua ng'ombe wa watu asubuhi, kisha akawarudisha wameshiba?"

Nicanor alishika tawi la uzio.

"Hii ni olusia," alisema. "Hata mimi ninayo. Mbona yangu haina maua?"

"Unaikata lini?"

"Kabla ya Krismasi, kama watu wote."

Maroa alivuta tawi moja likashuka. Kando ya maua yaliyofunguka palikuwa na vichwa vidogo vya kijani, vikubwa kidogo kuliko punje ya mtama.

"Hivi ni vitumba," alieleza. "Hutokea kwenye ncha za matawi mvua za vuli zinapokwisha. Desemba mtu hawezi kuviona asipovitafuta. Januari vinafunguka. Mahindi yamevunwa na maharagwe yamekwisha. Olusia ndiyo huchanua wakati huo wa ukame. Wewe unafika na panga wiki tatu kabla. Unakata chakula cha nyuki wako, kisha unakichoma moto."

"Lakini olusia ni chungu. Nyuki afuate nini kwenye uchungu?"

"Uchungu uko kwenye jani. Nyuki hali jani."

Nicanor alitazama uzio, kisha akamtazama Maroa.

"Kwa nini unaniambia yote haya? Wewe unapata nini?"

Jerusha, aliyekuwa bado amesimama na ndoo yake, ndiye aliyejibu. "Tunapata nafuu. Nyuki wako wanakula kwetu, na wetu wanabaki na njaa. Uzio mmoja haulishi mizinga sita. Wako wakichoka na safari watahama tena. Na pengine wetu watawafuata."

Jibu hilo lilimwingia Nicanor. Wema wa jirani aliweza kuushuku, lakini haja ya jirani aliielewa.

Mwezi wa Februari nyuki wa mzinga mmoja walihama. Mwezi wa tatu Mama Lynnet alikuja, akagonga mizinga yote miwili kwa kidole. Mmoja ulijibu kwa sauti dhaifu. Wa pili ulikuwa kimya.

"Mama, tuachie yote mwaka mmoja tu," Teresa aliomba. "Tumejua kosa letu."

"Kila mtu husema amejua," Mama Lynnet alijibu. Aliwatazama mmoja mmoja. "Mwaka mmoja. Nitagonga mwenyewe."

Mvua za masika zilipoanza, Maroa aliwaletea mzigo wa vipande vya olusia. Kila kipande kilikuwa kinene kama kidole gumba na kirefu kama mkono kutoka kiwikoni hadi vidoleni. Upande wa chini alikuwa ameukata mshazari, na upande wa juu alikuwa ameukata sawa.

"Ni ili msivipande kichwa chini," alisema. "Kukata ni rahisi, lakini kipande kikishalala chini huwezi kujua kichwa chake kilipo."

Aliwaonyesha namna ya kuchimba. Vifundo viwili, pale machipukizi yanapotokea, viingie ardhini, na viwili au vitatu vibaki juu. Kati ya kipande na kipande iwe hatua moja. Udongo ukanyagwe kwa kisigino hadi kipande kisitikisike. Mwisho, matawi ya miiba yazungushwe ili mbuzi wasing'oe kitu.

Maroa alipoondoka, Nicanor alivigawa vile vipande. Nusu alivipanda upande wa kulia wa lango. Upande wa kushoto alipanda vipande alivyovikata katika uzio wake mwenyewe.

"Hiyo ni ya nini?" Teresa aliuliza.

"Kama vyake vimetiwa dawa, tutaona."

Teresa alitikisa kichwa, lakini alimsaidia kuchimba. Baada ya majuma matatu vipande vyote vilichipua, vya kulia na vya kushoto. Nicanor alipita kati yake kila siku akilinganisha majani, na hakuona tofauti yoyote. Mwezi wa sita aliacha kulinganisha.

Desemba ilifika. Uzio wa zamani ulikuwa umepita kimo cha mtu, na ule mpya ulifika kifuani. Kaka yake Nicanor, Austine, alishuka kutoka Nairobi na mizigo yake. Alisimama langoni, akalitazama boma.

"Nicanor, uliugua? Boma la baba limekuwa pori. Leteni panga."

Panga lilikuwa limeegemezwa ukutani. Austine alilichukua, akaelekea kwenye uzio. Teresa alimtangulia, akasimama mbele ya vichaka.

"Shemeji, tafadhali. Usikate."

"Mama Joyline, kesho kutwa wageni watajaa hapa. Watasema nini?"

Nicanor alikuja. Alivuta tawi, akamwonyesha kaka yake vichwa vidogo vya kijani kwenye ncha.

"Hiki ni chakula cha Januari," alisema. "Angalia nyuma yako. Njia imefyekwa. Uwanja umefagiliwa. Nyasi zote nimekata. Uzio utakatwa mwezi wa tatu, maua yakishakwisha."

"Watu watacheka."

"Wacheke. Mama Lynnet atagonga mzinga, hatagonga uzio."

Austine alinusa tawi, akakunja uso. Hakuelewa, na hakuficha kwamba hakuelewa. Lakini alilirudisha panga ukutani. Wageni walikuja, na baadhi yao walicheka.

Wiki ya pili ya Januari uzio ulichanua. Maua yalikuwa meupe, madogo na mengi. Teresa aliweka karibu na mizinga beseni la maji, akatia mawe ndani yake ili nyuki wanywe bila kuzama. Wiki ya kwanza ya Februari, kundi geni la nyuki lilitua juu ya mzinga mtupu. Kufikia jioni lilikuwa limeingia.

Mwanzoni mwa mwezi wa tatu, maua ya mwisho yakiwa bado kwenye matawi, Mama Lynnet alirudi. Aligonga mzinga wa kwanza. Ulivuma. Aligonga wa pili. Ulivuma kwa nguvu zaidi, naye akarudi nyuma hatua mbili.

"Huu siufungui bila koti," alisema. Aliukamata kwa chini, akajaribu kuunyanyua upande mmoja. Hakuweza. "Mizinga inabaki hapa. Msinipe chai, nina safari."

Teresa alimsindikiza hadi barabarani. Nicanor alichukua panga lake, akaenda kuona ni matawi yapi yaliyokuwa tayari kukatwa. Aliazimia kuyapunguza hadi kiunoni, si magotini, na kuhifadhi vipande kwa ajili ya kupanda.

Alipopinda kona ya uzio alimkuta Jacktone, jirani wa upande wa chini, amechuchumaa. Jacktone naye alikuwa na mzinga mmoja. Alikuwa akitazama maua kwa makini, na alipoinuka hakutabasamu.

"Nicanor," alisema, "watu wanasema umeweka kitu hapa."

Nicanor alitazama mikono ya Jacktone. Vidole vilikuwa vyeupe kwa unga.

Alisogea, akachuchumaa, akampisha nafasi karibu naye.

"Kaa hapa," alisema. "Chagua mmoja tu. Mfuate kwa macho, kisha uniambie analala kwa nani."