Tonge la Mjomba Manik

Bibi Rumenta alikuwa amemaliza kula tangu asubuhi, lakini taya zake ziliendelea kutafuna.

"Mama, una nini mdomoni?" aliuliza Sahat, mwanawe.

Akafungua. Hamkuwa na kitu.

Jana yake walimfanyia karamu ya kumlisha mzazi aliyezeeka, wali wa manjano wa pelleng na kuku, ili siku yake ikifika aondoke ameshiba. Tonge la kwanza hutoka mkononi mwa kaka wa mama. Mjomba Manik alikuja pekupeku, koti lina viraka, na wageni wa mjini Medan walikuwa wanatazama. Sahat akamwacha nje mlangoni. Yeye mwenyewe akamlisha mama, kisha akala fungu la mjomba.

"Nanuka, mpwa wangu?" mzee alicheka, akaondoka bila kula.

Siku ya tatu nyumba ilijaa harufu ya bizari ya manjano iliyoungua ingawa jiko lilikuwa baridi, na Bibi Rumenta, aliyekwisha kumaliza sufuria mbili za wali na kubaki mifupa, alitafuna mchana kutwa, meno yakisagana hadi yakavunjika, akayatafuna nayo.

"Sahat, niache nife," alinong'ona.

Mganga waliyemwita hakuvuka kizingiti. "Mmeufungua mdomo bila mwenye tonge. Kilichoingia hakitamwacha afe. Mleteni mjomba."

Sahat alikimbia hadi kijijini kwa mjomba. Mke wa mjomba alikuwa amekaa kando ya kaburi la udongo mbichi.

"Alianguka njiani akitoka kwenu," alisema. "Tumbo tupu. Wewe ulikula vizuri, baba?"

Sahat aliporudi nyumbani, kutafuna kulikuwa kumekoma. Lamria, mkewe, alikuwa amejibanza ukutani, macho yamemtoka.

"Alikuja mtu," alinong'ona. "Sikumwona uso. Nyayo tu, zina udongo."

Bibi Rumenta alikuwa amelala kwa utulivu, udongo mwekundu kidevuni.

"Kaka amenilisha," alisema.

Sahat akapiga magoti akilia. "Umeshiba, mama?"

"Mimi nimeshiba, mwanangu. Yeye ndiye hajala." Akafumba macho, akafa.

Sahat alitaka kumwita mama, lakini taya zake zilikuwa zimeanza kusaga, polepole, na mdomoni mwake hamkuwa na kitu ila ulimi.